Bima ya kazini Marekani: uliza kuhusu msamaha wa kidini kabla hujasaini

Dada zangu mnaoanza kazi za kulea wazee, za hospitali na za shule huku Marekani, waajiri wengi wa kazi hizi ni taasisi za dini. Huajiri watu wa imani zote, na bima zao mara nyingi ni nzuri. Ila usipouliza, huenda hakuna atakayekuambia kwamba mwajiri wa namna hii anaweza kuwa ameondoa uzazi wa mpango kwenye bima yako kwa sababu ya imani yake. Ruhusa hiyo ya kisheria ndiyo ninayoiita msamaha wa kidini. Kwa sisi tuliozoea kwenda zahanati nyumbani na kupewa sindano au vijiti bila malipo, jambo hili linashangaza.

Mimi ni Mkatoliki, na ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee ya shirika la Kikatoliki huko Ohio. Daktari aliniandikia vidonge vya majira ili kupunguza hedhi nzito iliyokuwa ikinimaliza damu, nikafika famasi nikaambiwa bima imekataa. Kilichofungua njia ni barua ya daktari iliyotaja ugonjwa wenyewe. Kanisa halijawahi kukataza dawa inayotibu ugonjwa kwa kuwa tu inazuia pia mimba. Papa Paulo VI alilisema hilo wazi katika waraka wake wa mwaka 1968. Kwa hiyo kama una uvimbe kwenye kizazi, au maumivu makali ya hedhi, mwombe daktari aandike ugonjwa huo kwenye maombi ya dawa tangu mwanzo.

Mambo yalifikaje hapa? Sheria ya afya ya Rais Obama ya mwaka 2010 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda kamili watoe bima au walipe faini. Kuanzia 2012 bima hizo zikatakiwa kugharamia uzazi wa mpango bila mwanamke kuchangia chochote. Makanisa yalisamehewe mapema. Kisha wenye maduka ya Hobby Lobby, familia ya Green ya Oklahoma, wakaenda mahakamani kupinga njia nne, yaani aina mbili za vidonge vya dharura na aina mbili za vitanzi, kwa kuamini kwamba zinaweza kuangamiza uhai ulioanza. Tarehe 30 Juni 2014 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4, ikitegemea sheria ya uhuru wa dini ya mwaka 1993. Watawa wa Little Sisters of the Poor, wanaotunza wazee maskini, walikwenda mbali zaidi: walikataa hata kujaza fomu ya kuomba wasamehewe, wakisema fomu hiyo ndiyo ingefungua mlango wa huduma wanayoipinga. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilikubali, kwa kura 7 dhidi ya 2, kanuni zilizopanua msamaha huo. Mabishano mahakamani hayakuishia hapo.

Nawaheshimu watawa hao kwa moyo wote. Najua kazi ya kumgeuza mzee kitandani usiku wa manane, na sitaki serikali imlazimishe mtu wa namna hiyo kulipia anachokiona dhambi. Lakini bima ni sehemu ya ujira wangu, nimeitolea jasho, na mfanyakazi naye ana dhamiri yake. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyepinga hukumu ya 2014, alikumbusha kwamba gharama ya kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mtu anayelipwa kima cha chini. Basi angalau tuambiwe kabla ya kusaini.

Omba muhtasari wa bima, usome ukurasa wa huduma zisizolipiwa. Halafu piga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi, uombe mkalimani wa Kiswahili. Zungumza na kampuni ya bima yenyewe. Bosi wako hana haja ya kujua unatumia dawa gani. Uliza kama uzazi wa mpango unalipiwa, na kama haulipiwi, je, kampuni inaulipia kando? Wapo waajiri waliokubali utaratibu huo. Uliza pia kama mwajiri amenunua bima au analipia matibabu kwa fedha zake huku kampuni ikisimamia makaratasi tu. Swali hili wengi hawalijui, nalo ni zito: baadhi ya majimbo yana sheria zake zinazolazimisha bima kulipia uzazi wa mpango, lakini sheria hizo haziwagusi waajiri wanaojilipia wenyewe.

Ukikuta mlango umefungwa, tazama bima ya mumeo kama anayo. Zipo pia kliniki za mpango wa serikali kuu unaoitwa Title X, ulioanza mwaka 1970, ambazo hutoza kulingana na kipato; mwenye kipato cha chini kabisa hatozwi. Na tangu Machi 2024 kidonge cha kila siku kiitwacho Opill kinauzwa madukani bila cheti cha daktari. Ukiwa na shinikizo la damu au unanyonyesha, zungumza kwanza na mfamasia, kumuuliza hakulipiwi.