Kutambua mianzi inayoota kwa kichaka, na namna ya kuitunza bustanini

Ndugu, umeeleza kwamba mianzi uliyoikuta kwenye bustani ya nyumba uliyohamia imesimama karibu na ukuta, katikati yake imejaa mashina makavu, baadhi ya majani yanageuka manjano, na jirani anakushauri uing'oe yote kabla haijabomoa ukuta huo. Kwa miaka mingi nimetunza mianzi inayotambaa na ile inayoota kwa kichaka, na ninakusihi usishike sululu kabla hujajua uliyo nayo ni ipi, kwa kuwa ushauri wa jirani yako unaifaa ile ya kwanza zaidi kuliko ya pili.

Kwanza hakikisha kwamba ni mianzi kweli. Matete makubwa ya Arundo donax hudanganya wengi, lakini jani lake huanzia kwenye shina lenyewe na kulikumbatia, ilhali jani la mwanzi hushikiliwa na kikonyo kifupi na huota zaidi kwenye matawi yanayotoka katika vifundo. Ile mimea midogo inayouzwa ndani ya glasi za maji kwa jina la mianzi ya bahati ni Dracaena sanderiana, wala haina undugu wowote na mianzi.

Ushahidi usiopingika uko ardhini. Fukua taratibu ukingoni mwa kichaka hadi ulione shina linalokaa chini ya udongo, yaani riziomu. Ya mwanzi wa kichaka ni fupi na nene, mara nyingi nene kuliko mwanzi unaotokana nayo, nayo imepinda kwenda juu kama kiko cha kuvutia tumbaku; ncha yake ndiyo inayogeuka kuwa mwanzi mpya, na riziomu inayofuata huchipuka kwenye jicho lililo ubavuni mwake. Ya mwanzi unaotambaa ni nyembamba na ndefu, inakwenda mlalo kwa mita kadhaa ikitoa mizizi kila kifundo, na ncha yake husonga mbele huku mianzi mipya ikitokea kwenye macho ya pembeni. Usitegemee tu umbali kati ya shina na shina, kwa sababu Melocanna baccifera na Guadua angustifolia zina riziomu za aina ya kichaka zenye shingo ndefu (shingo ni sehemu nyembamba inayoiunganisha riziomu na ile iliyoizaa), kwa hiyo mashina yake husimama kwa kuachana; na mwanzi unaotambaa ukiwa bado mchanga hujikusanya pamoja kiasi kwamba hata muuzaji wa miche huweza kukosea.

Dalili za juu ya ardhi husaidia, ingawa hazitoshi. Ukipapasa pingili iliyo juu ya tawi na kukuta mfereji au ubapa unaopanda kwa urefu wake, na kila kifundo kina matawi mawili yasiyolingana, hiyo ni Phyllostachys, nayo hutambaa. Bambusa na Dendrocalamus, ambazo huota kwa kichaka, zina pingili za mviringo na matawi mengi kwenye kifundo kimoja, moja likiwa nene kuliko mengine. Hata hivyo, kukosekana kwa mfereji hakuthibitishi kitu, kwa kuwa Pleioblastus na Sasa hutambaa pia bila kuwa na mfereji huo. Kama mashina yako ni ya manjano yenye michirizi ya kijani na unene wake unakaribia kiganja, ninakisia ni Bambusa vulgaris. Kama ni membamba, yamesongamana na majani yake ni madogo, huenda ni Bambusa multiplex, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kuwa ua wa nyumbani. Dendrocalamus giganteus, inayoweza kupita mita 25, mimi nisingeipanda karibu na nyumba hata kidogo.

Tukichukulia kwamba ni ya kichaka, matunzo yote yanatokana na umbo hilo la riziomu. Chipukizi hutoka ardhini likiwa na unene wake wa mwisho, hufikia urefu wake wote ndani ya miezi michache tu, na baada ya hapo halinenepi tena. Kwa kuwa machipukizi mapya hutokea ukingoni, mazee hubaki katikati, yakikauka na kuziba hewa na mwanga. Hayo makavu uliyoyaona hayamaanishi kwamba mmea unakufa. Yanaonyesha tu kwamba haujapunguzwa kwa muda mrefu.

Kupunguza kunahitaji kujua umri. Shina la mwaka wa kwanza lina rangi angavu, mara nyingi lina unga mweupe na mabaki ya maganda kwenye vifundo. Lililopita miaka 3 limefifia, limeota kuvu na mabaka, na matawi yake yamegawanyika mara nyingi. Mimi hutia alama ya rangi ya mafuta kwenye machipukizi yote ya msimu mmoja na kubadili rangi msimu unaofuata, hivyo sihitaji kubahatisha. Ondoa yaliyokufa kwanza, kisha yaliyozidi miaka 3, bila kupita theluthi moja ya mashina mabichi kwa mwaka, na ufanye hivyo wakati kichaka hakitoi machipukizi. Ingia kwa kufungua njia upande mmoja hadi katikati. Tumia msumeno, kwa sababu panga halina nafasi ya kuzunguka humo na huacha ncha kali zinazochoma. Kata juu tu ya kifundo kilicho karibu na ardhi, ili kisibaki kikombe cha kutuama maji na kuzalisha mbu. Ukitaka kupunguza kimo, kata kilele; shina hilo halitarefuka tena.

Kuhusu majani ya manjano, usiogope mapema. Mianzi hudondosha majani ya zamani huku ikitoa mapya, kwa hiyo manjano iliyotawanyika kwenye majani mazee ni ya kawaida. Manjano kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki kijani huashiria upungufu wa madini ya chuma, ambao hutokea zaidi kwenye udongo wenye alikali, ilhali mianzi hupendelea udongo wenye asidi kidogo, wa pH (kipimo cha asidi na alikali) ya kati ya 5.5 na 6.5. Majani yanayojikunja kwa urefu yana kiu. Mabaka meupe yenye utando mwembamba upande wa chini wa jani ni kazi ya utitiri. Majani yaliyoanguka usiyafagie, kwa kuwa yana silika nyingi, madini yanayoimarisha mashina, ambayo mmea huirudisha mwilini mwake. Juu yake ongeza matandazo ya sentimita 5 hadi 10, na uweke samadi iliyooza au mbolea yenye naitrojeni kabla ya msimu wa machipukizi. Mwagilia kwa wingi, lakini maji yasituame.

Kuhusu ukuta, mianzi ya kichaka haipiti chini yake kwenda kwa jirani, lakini kitako chake hupanuka na kinaweza kuusukuma kikiugusa. Acha angalau mita moja na nusu kwa aina za wastani, na nafasi kubwa zaidi kwa zile nene. Machipukizi yanayoelekea ukutani yavunje yakiwa bado laini. Ya aina nyingi huliwa, ila kwanza lazima yachemshwe vizuri, kwani yakiwa mabichi yana kemikali zinazotoa sianidi. Kama kichaka tayari kimeugusa, chimba upande huo pekee na ukate shingo za riziomu kwa msumeno. Vipande vyenye macho mazima, mizizi na shina lililofupishwa hadi kama mita moja huota vikipandwa mwanzoni mwa mvua, kwa hiyo chagua mapema mahali pa kuvihamishia, na usiache mizizi ikauke juani wakati unachimba shimo.