Uko Kisumu Kikazi na Unataka Kukimbia Mbio za Eldoret

Mtanzania au Mganda anayefanya kazi Kisumu akishazoea kukimbia jioni hadi ufukwe wa Dunga, hamu ya kupanda Eldoret kwa kilomita 21 haikawii kumjia. Aifuate. Ila ajue kwamba wengi huangushwa na mwinuko.

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari; Eldoret inakaribia 2,100. Kila pumzi ya Eldoret ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 11 kuliko ya Kisumu. Dakika za mwanzo husikii chochote, kwa sababu asubuhi kuna baridi na miguu ni myepesi. Ukitoka na kasi yako ya Kisumu, kufikia kilomita ya nne kifua kinawaka, na hapo hata ukitembea kidogo nguvu hazirudi kama mwanzo. Kama umezoea dakika 6 kwa kilomita, anza na 6:30 na usiongeze mpaka upite kilomita ya tano. Jipime kwa mdomo: ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema katikati, punguza mwendo.

Panda siku moja kabla, au wiki mbili kabla. Siku tatu au nne kabla ni vibaya, maana usingizi umeshavurugika na mwili bado haujazoea.

Matatu zinazopitia Chavakali na Kapsabet huchukua kama saa tatu, kwa hiyo ondoka asubuhi ili uwahi kuchukua namba ya kubandika kifuani. Beba pasipoti au kitambulisho ulichojiandikishia, kwani baadhi ya mbio huwa na ada tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki. Rafiki akikulipia kwa M-Pesa, hakikisha amejaza jina lako, kisha akutumie ule ujumbe wa malipo. Jina likikosekana mezani, ujumbe huo ndio utakaokutetea.

Namba yenyewe ishike kwa uangalifu. Chipu ya muda mara nyingi hubandikwa nyuma yake, ikiwa nyembamba kama stika. Usiikunje wala kuifunika kwa jaketi. Ibane kifuani kwa pini nne, moja kila pembe, na uwe na pini zako mwenyewe kwa sababu za mezani huisha. Ukikwepa zulia la kunasa muda pale mwanzoni, matokeo yako hayatatoka sawasawa.

Asubuhi ya mbio boda haitafika mstari wa kuanzia, barabara zitakuwa zimefungwa. Shuka kilomita moja kabla, utembee upashe misuli moto. Kisha simama nyuma kabisa. Walio mbele humaliza kilomita 21 kwa saa moja na dakika chache tu, na wakitimka ukiwa katikati yao utasukumwa au utajikwaa.

Hatari ya kuwa nyuma ni kwamba muda wa saa mbili hivi tangu mbio zianze, magari huanza kuachiliwa na meza za maji kuondolewa. Beba chupa ya nusu lita, na magari yakirudi hamia kulia uyaone yakija.

Ukimaliza, vaa sweta kabla jasho halijapoa. Safari ya kurudi hukaza vigimbi vya miguu: omba kiti cha karibu na mlango, na matatu ikisimama Kapsabet, shuka utembee wakati abiria wanapanda.