Maswali yenu kuhusu Eyam, kijiji cha tauni huko Derbyshire, Uingereza

Eyam inatamkwaje? (Msomaji, Leicester)

Iim.

Ni kweli kijiji kizima kilikufa kwa tauni? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli, na swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno. Daftari la mazishi la parokia lipo. Kuanzia Septemba 1665, alipozikwa George Viccars, msaidizi wa mshonaji, hadi Novemba 1666, waliokufa ni kama 260. Ile habari ya "walikuwa 350, wakabaki 83" inapendwa kwa sababu inasimulika vizuri. Watafiti wa karibuni wanakadiria kuwa wakazi walikuwa karibu mara mbili ya hao 350. Msihesabu wafu kwa kusikia.

Kasisi William Mompesson ndiye aliyewaokoa majirani? (Msomaji, Nakuru)

Hakuwa peke yake, ndugu yangu. Alikuwa kijana na mgeni pale. Watu walikuwa wakimsikiliza Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyenyang'anywa parokia kwa kukataa kufuata taratibu mpya za Kanisa la Uingereza. Juni 1666 wawili hao waliweka tofauti zao kando, wakakubaliana na wanakijiji: hakuna kutoka kijijini, tauni isiwafikie majirani, ibada ifanyike bondeni Cucklet Delf, na kila familia izike watu wake.

Maana ya sharti hilo la mwisho utaiona kwenye shamba la Riley. Agosti mwaka huo Elizabeth Hancock alizika mume na watoto 6 ndani ya siku 8. Makaburi yao yako palepale shambani, yamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe. Wageni hupiga picha kaburi la Catherine, mke wa Mompesson, uani mwa kanisa, kisha wakageuza gari. Nendeni na Riley. Huyu mama hakuwa na cheo, na ndiye aliyebeba karantini ile mabegani.

Walikula nini? (Msomaji, Mombasa)

Earl wa Devonshire, mtawala wa kikabaila wa eneo lile, aliwapelekea chakula kutoka Chatsworth, jumba lake. Majirani nao waliacha bidhaa mpakani, wakalipwa sarafu zilizotumbukizwa kwenye siki ili kuzisafisha na tauni. Jiwe lenye matundu ya sarafu hizo bado lipo.

Ukoo wa mke wangu una mtu aliyezikwa Eyam Januari 1665. Basi hakufa kwa tauni? (Msomaji, Birmingham)

Usikate shauri bado. Kabla ya 1752, mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi. Kwa hiyo Januari iliyoandikwa 1665 kwenye daftari la zama zile ni Januari 1666 kwetu, na tauni ilikuwa imeshaingia miezi minne nyuma. Wanaonakili bila kujua hili ndio wanaotuletea watoto waliozikwa kabla ya kubatizwa. Andika 1665/6, kisha uombe kuona ukurasa wenyewe kwenye hifadhi ya nyaraka ya Derbyshire, mjini Matlock. Mti wa ukoo uliookotwa mtandaoni usiutumie kama ushahidi.