Maswali ya wasomaji: Mnara nyuma ya nyumba, stika nyuma ya simu

SWALI: Habari ya kazi kaka. Mi naishi Mbagala, nyuma ya nyumba yetu kama hatua 50 hivi wamesimamisha mnara wa simu. Tangu usimame huo mnara mtaani hakukaliki, fulani akiumwa kichwa ni mnara, mimba ya fulani ikitoka ni mnara, kuku wa mama nanii wakifa ni mnara. Mi mwenyewe nina ujauzito wa miezi mitano na kichwa kinanigonga wiki ya pili sasa. Mume wangu anasema tuhame. Afu kuna dada anapita anauza stika ya dhahabu ya kubandika nyuma ya simu, elfu 15, anasema inanyonya mionzi yote, na ana mikufu ya kukinga 5G hiyo bei ndo usiseme. Tuhame? Ninunue? Maana WHO si walishasema simu inaleta kansa?

JIBU: Dada yangu, pole na hongera ya ujauzito. Nianze na hicho kichwa kabla ya mnara, maana hapo ndo barua yako imenishtua. Ukishavuka wiki 20 za ujauzito, kichwa kuuma mfululizo ni kitu cha kwenda kupimwa presha na mkojo leo, sio wiki ijayo, na kama unaona ukungu machoni au uso na mikono inavimba, au tumbo la juu chini ya mbavu linauma, usingoje hata jioni. Hizo ni dalili za presha ya ujauzito inayoweza kuishia kifafa cha mimba, na inaua kina mama kweli kweli. Mtaa mzima ukishakubaliana kwamba kila kichwa ni mnara basi mjamzito anakaa nyumbani anasubiri mnara ung'olewe wakati presha inapanda. Nenda kliniki, halafu urudi uendelee kusoma.

Haya, mnara. Usihame kwa sababu ya mnara. Zile antena ziko juu na zinarusha mawimbi kwa ubapa kwenda mbali, kama tochi uliyoielekeza ng'ambo ya uwanja, aliyekaa chini ya mkono wako hamulikwi. Na mawimbi yanapungua haraka sana, umbali ukizidi mara mbili nguvu inabaki robo tu. Sasa simu unayoiweka sikioni iko umbali gani? Haifiki hata sentimita 2. Kwahiyo kinachokufikia wewe kutoka kwenye mnara ni kidogo sana ukilinganisha na simu yako mwenyewe ukiwa unaongea, na watu wengi hawataki kulisikia hili: ukiufukuza mnara mbali, simu yako ndo inaongeza nguvu ya kurusha ili iufikie. Angalia siku uko kijijini ndani ya nyumba ya bati, mtandao kijiti kimoja, ukiongea dakika kumi simu inachemka mkononi na chaji inakwisha mbio. Hapo ndo kichwa chako kinapata mawimbi mengi zaidi, sio pale kwako Mbagala mtandao umejaa.

Na hiyo mionzi yenyewe sio ya aina ya eksirei. Eksirei ina nguvu ya kuvunja vinasaba ndani ya seli, ndo maana mjamzito ukipelekwa kupiga picha lazima umwambie mhudumu una mimba. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo, kinachojulikana wazi ni kwamba yakiwa makali sana yanapasha mwili joto, na mipaka ya kisheria imewekwa chini sana ya hapo. Kama bado mna wasiwasi, pitieni serikali ya mtaa muombe mnara upimwe, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania wana wataalamu wa kazi hiyo, ni bora karatasi ya vipimo kuliko maneno ya kibarazani.

Kuhusu WHO, ni kweli taasisi yao ya utafiti wa kansa iliyoko Lyon, Ufaransa, mwaka 2011 iliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani "huenda yakasababisha kansa", ushahidi ukiwa haba. Kundi hilo hilo lina hadi achari za mboga za kienyeji za Asia. Sababu kubwa ilikuwa utafiti wa Interphone wa nchi 13, ambao kwa jumla haukuona ongezeko la uvimbe wa ubongo ila kwa wale wachache waliosema wanaongea sana kupita wote namba zilipanda, na hao walikuwa wanaulizwa wakumbuke simu za miaka kumi nyuma, nani anakumbuka? Baada ya hapo wakaja Wadenmark waliofuatilia wateja wa simu zaidi ya 358,000, wakaja Waingereza na kina mama zaidi ya laki 7, hamna tofauti. Na mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na WHO yenyewe, tafiti 63, haukuona uhusiano wa simu na kansa ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka zaidi ya kumi. Dunia nzima inaongea na simu tangu miaka ya 90, ingekuwa inaleta kansa ya ubongo kiasi kinachosemwa, hospitali zingeshaliona hilo zamani.

Stika sasa, hapa nina hasira. Elfu 15 hiyo ni nauli ya kliniki na maziwa juu. Stika ikifanya kazi kweli maana yake inazuia mtandao, na mtandao ukizuiwa simu inaongeza nguvu, mamlaka ya biashara ya Marekani imeshaonya watu juu ya hilo. Na mikufu ndo mbaya zaidi, Desemba 2021 Uholanzi walipima bidhaa za "kukinga 5G" wakakuta 10, ikiwemo mikufu na bangili ya watoto, zina madini yanayotoa mionzi ya hatari yenyewe, watu wakaambiwa wavue mara moja. Yaani unamvalisha mtoto mionzi halisi kumkinga na ya kuambiwa! Mfukuze huyo dada.

Ukitaka kupunguza bila hela, ongea kwa spika au hedifoni za waya, na simu itoe chini ya mto, hasa ikiwa kwenye chaji, hapo naogopa moto kuliko mawimbi.

SWALI: Niko Eldoret, nilinunua iPhone 12 iliyotumika, kisha nikasikia Ufaransa waliipiga marufuku. Niitupe?

JIBU: Usiitupe ndugu. Septemba 2023 wakala wao wa kusimamia masafa ya redio aliipima ikiwa kama imeshikwa mkononi au iko mfukoni, nguvu ya mawimbi inayoingia mwilini ikatoka wati 5.74 kwa kilo wakati kikomo cha Ulaya ni 4, mauzo yakasimamishwa, Apple ikatoa apdeti kwa watumiaji wa huko ikarudi dukani. Kupita kikomo ni kosa na walifanya vizuri kuwabana, ila sio kwamba simu inaunguza mtu. Weka apdeti za karibuni, na kwa simu nyingi ukibonyeza *#07# unaletewa taarifa za mionzi yake.