Re: Mnajimu alitabiri mtoto wa kiume ikawa kweli, watu wa hesabu mnasemaje?
Mkuu, huyo mnajimu aliyemwambia dada yako atazaa dume, na kweli akazaa dume, hajaona kitu. Chukua wajawazito 1000 wote waambiwe ni dume, kama 500 hivi watarudi wanamsifia, waliobaki wanakaa kimya tu maana nani atapoteza nauli kwenda kulalamika? Hata kupatia mara tatu mfululizo kwa kubahatisha, kwa kila watu wanane yupo mmoja.

Halafu hizo nyota zenyewe, aliyezaliwa tarehe 1 Aprili anaambiwa nyota yake Punda wakati siku hiyo jua angani liko kwenye kundi la nyota la Samaki, kwa sababu mhimili wa dunia umeyumba taratibu kwa miaka kama 2000 na tarehe zao hazijasogea.

Mwaka 1985 jarida la sayansi la Nature lilitoa jaribio la mtafiti Shawn Carlson, wanajimu walipewa chati ya mtu mmoja (mchoro wa nyota alipozaliwa) na maelezo ya tabia za watu watatu wachague yapi ni yake, wakapatia kama theluthi moja tu, sawasawa na kubahatisha! Dada asipeleke hela tena kule, anunulie mtoto neti.