Vibendera vya sherehe vinabanduka

Swali: Vibendera vya karatasi nilivyobandika kwa gundi ya unga kwa ajili ya kipaimara cha mwanangu vilidondoka kabla ya wageni kufika. Nimekosea wapi? – Mama wa Kirumba, Mwanza

Jibu: Hongera kwa kipaimara, mama. Gundi yako haikuiva. Unga mbichi ukikauka hupukutika. Koroga vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano katika robo kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe, umimine kwenye kikombe 1 cha maji yanayochemka. Endelea kukoroga kwa dakika 3 hivi, mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Ukipoa, paka kiasi kidogo tu. Ikizidi, karatasi hulowa na kujikunja. Kunja ukingo wa sentimita 2 juu ya uzi wa nyavu, kisha anika kivulini usiku kucha. Upepo wa ziwa huvuta sana, kwa hiyo funga uzi kila mita 2.