Ukinunua marimba Arusha, isikilize kwanza

Maduka ya vinyago kuanzia Mnara wa Saa hadi Soko la Wamasai yamejaa marimba za mkononi, zile zenye vichuma juu ya ubao, zilizochorwa twiga na tembo. Nyingi ni za kutundika ukutani. Kama unataka ya kupiga, achana na twiga. Ishike kwa mikono miwili, piga kichuma kimoja kimoja kwa dole gumba. Kinachotoa mlio butu huenda kimelegea tu, hicho kinakazwa. Ubao uliopasuka, irudishe. Muuzaji akikuambia, "Dada, hiyo ni pambo," mshukuru, wachache husema.

Kuipanga sauti ni rahisi. Sukuma kichuma ndani, kibaki kifupi upande wa kupigia, sauti inapanda. Kivute nje, inashuka. Tumia koleo lililozungushiwa kitambaa na uende taratibu. Ila usikimbilie programu ya simu inayokupangia do-re-mi. Huo ni mpango wa kalimba, marimba za mkononi alizoanza kuuza mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Afrika Kusini miaka ya 1950, na kwa nyimbo za kanisani unafaa. Wagogo wa Dodoma, wanaoiita marimba yao irimba, wana ngazi yao ya sauti, na ukiilazimisha ifuate kinanda, nyimbo zao hazikai.

Halafu kuna ule mkoromo, mlio wa kutetemeka unaofuatana na kila kichuma kinapopigwa. Nilipompelekea babu mmoja wa Kigogo hapa Ngarenaro marimba yangu, nikamwomba auondoe. Akacheka. "Mjukuu wangu, huo ndio wenyewe, uache." Akanionyesha ya kwake: tundu kwenye sanduku, limefunikwa utando wa buibui mwembamba, mweupe, unaotetemeka kila akipiga. Washona wa Zimbabwe hufunga vizibo vya chupa kwenye mbira, marimba yao, kwa kazi hiyohiyo, na mbira yao ndiyo huita mizimu kwenye sherehe ya mizimu iitwayo bira. Mwaka 2020 UNESCO iliuorodhesha ufundi wa kutengeneza na kupiga mbira kwa jina la Zimbabwe na Malawi. Sisi tulikuwa na mwanamuziki wa Kigogo, Hukwe Zawose, aliyeitoa irimba Dodoma akaifikisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na majukwaa ya Ulaya, hadi alipofariki mwaka 2003.

Msikilize Zawose kabla ya kutafuta mwalimu. Utaona vidole havishindani na sauti yake, vinaibeba. Kwa hiyo imba tangu siku ya kwanza, hata kama unajua vichuma viwili tu. Na masika yakianza, usiiache dirishani: futa jasho la vidole kwa kitambaa kikavu, la sivyo vichuma vitashika kutu.